Funda la Kwanza ni la Mwenyeji

Mnyarwanda hakupi urwagwa, pombe ya ndizi, kabla hajaunywa yeye. Anamimina kikombe au anainua kibuyu, anameza funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Kwa Kinyarwanda kitendo hicho huitwa gusogongera. Mtu aliyelelewa pwani, mahali ambapo mgeni hutangulizwa kwa kila kitu, huenda akadhani mwenyeji amekosa adabu. Kumbe hiyo ndiyo adabu yenyewe. Funda lile ni kiapo kisicho na maneno: kilichomo humu nakijua, kimetoka mikononi mwangu au mikononi mwa mtu ninayemwamini, na kama kina ubaya wowote utaanza na mimi.

Tumeona tuanze na funda hilo kwa sababu ya nyumba ya Urwibutso ya Nyirangarama, kampuni ya vyakula na vinywaji iliyotimiza miaka 40 mwaka 2023. Wengi wanaijua kwa pilipili ya Akabanga, ile chupa ndogo ya matone ambayo Mnyarwanda akisafiri huitia mfukoni kabla ya pasipoti. Wengine wanaijua kwa Agashya, juisi ya pesheni. Sisi leo tunataka kusimama kwenye rafu ya tatu, ambako kuna chupa ya Akarusho, divai ya ndizi. Tunaamini kwamba katika chupa hiyo, na katika zote za namna yake nchini, kuna jambo kubwa kuliko biashara.

Anayetaka kulielewa jambo hilo aanzie hapa Kimironko, Kigali. Aje sokoni alfajiri, malori ya ndizi yanapofika kutoka Mkoa wa Mashariki, kutoka Kirehe na Ngoma, Kayonza na Rwamagana. Mikungu inashushwa mabegani, inapangwa chini ikiwa bado na umande, na akina mama wanaichagua kwa kuigonga kwa kidole na kuisikiliza, kama fundi anayesikiliza chungu. Ndizi za kupika kivyake, kamaramasenge ndogo tamu kivyake. Na kuna mikungu ambayo mgeni akiinunua kwa kupika atajuta, maana ikiiva jikoni inabaki chungu na ulimi unakauka. Hiyo ni ndizi ya urwagwa. Muuzaji mwaminifu atakuonya: "Hiyo si ya sufuria, dada, hiyo ni ya umuvure," yaani ya gogo la kukamulia.

Kimironko ni mahali pa watu waliotoka mahali pengine. Tarafa hii ya wilaya ya Gasabo imejaa watu waliokuja mjini kwa masomo, kwa kazi, kwa biashara ya vitenge na cherehani, au kwa kurudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizi Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania. Ndiyo maana Kiswahili kilisikika katika vibanda vya soko hili muda mrefu kabla bunge halijakipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Sensa ya 2022 iliikuta Kigali na watu zaidi ya milioni 1.7. Katika mji wa watu wengi hivyo, nani atakunywia funda la kwanza? Anayekuuzia humjui, na aliyekamua humjui zaidi. Kinachokufikia ni dumu la njano lenye kifuniko cha gunzi la mahindi, na neno la mtu kwamba ni safi.

Kijijini swali hilo halikuwapo. Mwandishi wa tahariri hii alikua akiona kazi yote kwa macho yake, nyuma ya nyumba ya babu, na mpaka leo hajui kazi nyingine ya mikono yenye elimu nyingi iliyofichwa namna ile.

Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa lakini bado kijani. Shimo linachimbwa, kwa Kinyarwanda urwina, linatandikwa majani ya mgomba, na moto mdogo unawashwa ili shimo lipate joto na moshi. Ndizi zinapangwa humo, zinafunikwa kwa majani, kisha kwa udongo. Kwa siku 3 hadi 5 hakuna anayeruhusiwa kufunua. Babu alikuwa akiupapasa udongo kwa kiganja kila asubuhi, akijua kwa joto lake kama ndizi zimelala au zimeamka. Leo wanasayansi wanaweza kutueleza alichokuwa akikipapasa. Ndizi mbichi ina wanga kiasi cha robo au moja ya tano ya nyama yake, na karibu wanga wote huo hugeuka kuwa sukari ndizi ikiiva. Kinachoharakisha mgeuko huo ni gesi ya ethilini, ambayo ndizi yenyewe huitoa na ambayo imo pia katika moshi. Shimo lililofunikwa huifungia gesi hiyo ndani, ndizi zote zikaiva kwa pamoja. Kuvundika, kwa neno moja la Kiswahili, ni kuiteka pumzi ya ndizi.

Siku ya kufunua ilikuwa siku ya jirani wote. Ndizi zinamenywa na kutupwa ndani ya umuvure, gogo kubwa lililochongwa mfano wa mtumbwi. Juu yake zinawekwa nyasi, ishinge, ngumu na kavu. Mtoto aliyeona kwa mara ya kwanza aliuliza nyasi ni za nini, akajibiwa akanyage aone. Ndizi mbivu ukiikanda peke yake inageuka ugali. Inanata na haitoi hata tone. Nyasi ndizo zinazoikata nyama ya ndizi, zikaipa njia za kutiririsha, na mwishowe zikawa chujio. Wakamuaji hukanda kwa mikono au kwa miguu iliyooshwa mpaka magoti, kwa mwendo mmoja, wakiimba au wakinyamaza, mpaka povu lijitenge na maji ya dhahabu yaanze kukusanyika chini. Hayo ni umutobe. Ya kwanza ni mazito na matamu kama asali. Makapi yanaongezwa maji kidogo na kukamuliwa tena.

Hapo ndipo umutobe unapokutana na mtama. Amasaka yaliyokaangwa na kusagwa hunyunyizwa ndani, na kazi yake ni mbili: hubeba hamira ya asili inayoanzisha uchachu, na huipa pombe rangi yake, wekundu wa kahawia unaokaribia udongo wa vilima vyetu, pamoja na harufu ya kitu kilichopita motoni. Umuvure unafunikwa kwa majani ya mgomba na blanketi kuukuu, karibu na joto. Siku 2 au 3 baadaye urwagwa uko tayari, na kuanzia saa hiyo unahesabiwa siku za kuishi. Hewa inauingia, bakteria wa siki wanafuata, na kabla ya juma kwisha kinachobaki kinafaa kumwagiwa mgomba kuliko kumpa mgeni.

Kwa desturi kazi hii ya ndizi ilikuwa ya wanaume, kama vile ikigage, pombe ya mtama, ilivyokuwa ya wanawake. Lakini mgawanyo huo haukuwa kamili hata siku moja. Maji yaliyosafisha umuvure nani aliyachota? Mtama nani aliukaanga bila kuuunguza? Tukiwasherehekea watengenezaji wa divai ya ndizi, tuwahesabu wote waliosimama kuuzunguka umuvure, aliyekanda pamoja na aliyebeba.

Na matumizi yake hayakuwa ulevi tu, kama wageni wengi walivyoandika. Hakuna gusaba, siku ya kuposa, bila kibuyu katikati. Mtu aliyepewa ng'ombe alimwalika aliyempa, akamshukuru kwa pombe katika sherehe iitwayo gukura ubwatsi. Aliyemkosea jirani alitozwa inzoga y'abagabo, pombe ya wanaume, na baada ya kuinywa pamoja ugomvi ulihesabiwa umekwisha. Walikaa kukizunguka chungu kimoja, kila mtu akivuta kwa mrija wa umuheha. Kampeni za usafi zimeuondoa mrija wa kushirikiana, na tunasema vizuri, maana maradhi hayaheshimu undugu. Lakini lililokuwa likifanyika pale, watu kuthibitishiana kwamba hakuna sumu kati yao, lilistahili kutafutiwa chombo kipya.

Tumesema divai, na tunajua kuna watakaoguna. Divai ni ya zabibu, watasema, na neno lenyewe limetoka kwa Wafaransa. Hilo ni kweli, na Kanisa Katoliki linasisitiza zaidi: kanuni ya 924 ya sheria zake inataka divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu. Kwa hiyo hata parokia iliyozungukwa na migomba pande zote inaletewa kikombe cha altare kutoka mbali. Hatubishani na kanuni hiyo. Lakini kama divai ni maji ya tunda lililoiva yaliyoachwa yachache mpaka sukari iwe kileo, basi Rwanda ina divai tangu kale. Na anayependa divai nyekundu angepaswa kuwa wa kwanza kutuelewa. Kinachoipa divai nyekundu ule mshiko wake mdomoni, ule ukavu unaobaki kwenye ufizi, ni tanini iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu. Ndizi zetu za pombe, Intuntu na ndugu zake ambazo Waganda huziita mbidde, zinakataliwa jikoni kwa sababu hiyo hiyo: nyama yake imejaa utomvu wenye tanini. Babu zetu walilionja tunda chungu, na badala ya kuling'oa wakalitafutia kazi. Bordeaux haikufanya tofauti.

Wala si sisi peke yetu. Wahaya wa Kagera wana lubisi yao, Wachaga wana mbege ya ndizi na ulezi, Warundi wana urwarwa, Kivu wanaijua kasiksi, Uganda wana tonto. Kutoka Bukoba hadi Bukavu ni ustaarabu mmoja wa mgomba, umekatwa na mipaka ya jana tu. Arusha iko kampuni ya Banana Investments ambayo divai yake ya Raha inapatikana madukani kama soda. Na Dodoma, ambako zabibu zililetwa na wamisionari, Tanzania imeifanya zabibu nyekundu ya Makutupora kuwa jina linalotajwa kwa heshima, katika nchi kame ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mtanzania anayemimina divai nyekundu ya Dodoma haombi radhi kwamba haikutoka Ulaya. Hiyo ndiyo hali tunayoitamani kwa ndizi.

Sasa turudi Nyirangarama. Anayetoka Kimironko kwenda Musanze hupanda basi la kwenda Nyabugogo, hapo hupata la kaskazini, na barabara inaanza kupanda na kujipinda. Katika wilaya ya Rulindo gari husimama bila mtu kuomba. Abiria wanashuka, wananunua mishikaki, viazi, mikate, mahindi, chupa za juisi. Dereva ananyoosha mgongo. Mahali hapo pasingekuwa kituo cha mtu yeyote kama mwaka 1983 kijana mmoja, Sina Gérard, hangeanza kuuza mandazi na mikate kando ya barabara hiyo. Hakuanza na kiwanda. Alianza na unga, mafuta na watu wanaopita.

Alichokifanya baadaye ndicho kinachotufanya tuandike. Aliwatazama wakulima wa vilima vilivyomzunguka, akaona matunda yao hayana pa kwenda, akawapa miche na kuyanunua mavuno. Pesheni ikawa Agashya, pilipili ikawa Akabanga, ndizi ikawa Akarusho. Yatazameni majina hayo. Agashya ni kitu kipya. Akabanga ni siri ndogo. Akarusho ni ziada, kile kinachokizidi kingine. Urwibutso, jina la nyumba yenyewe, ni ukumbusho. Wakati ambapo mwenye duka yeyote mjini aliona sifa kulipa jina la Kifaransa au la Kiingereza, mtu huyu aliandika kwenye chupa maneno ambayo mama yake angeweza kuyasoma. Chupa ya Kinyarwanda ikapelekwa nchi za nje, na huko Wazungu wanajifunza kutamka Akabanga kama vile sisi tulivyojifunza kutamka champagne. Kwetu hilo ni tendo la ujasiri, na tunalitaja mbele ya mengine yote.

Taasisi yoyote ya Rwanda inayohesabu miaka 40 imepita katikati ya mwaka 1994. Hatuwezi kuiandika jubilei ya nyumba ya Kinyarwanda tukaruka mwaka huo kana kwamba kalenda ilikwenda moja kwa moja. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwaua watu, na pia yaliua kuaminiana, kitu kile kile ambacho funda la kwanza lilikuwa likikithibitisha. Migomba iliota tena upesi. Mgomba hauhitaji ruhusa ya mtu. Lililochukua miaka ni jirani kupokea kikombe kutoka mkononi mwa jirani. Kila mradi uliowarudisha watu kwenye kazi moja, mmoja akipanda, mwingine akinunua, mwingine akifunga vizibo, ulikuwa na sehemu katika matengenezo hayo, hata kama haukuitwa kwa jina hilo.

Tusijidanganye kwamba kutoka umuvure hadi chupa ni suala la kubadilisha chombo. Kiwanda cha divai ya ndizi kinakutana na kila tatizo ambalo kijiji kililimaliza kwa kunywa haraka. Umutobe una pektini nyingi, kwa hiyo unabaki na ukungu. Hamira ya mtama leo ina nguvu, kesho imelala, na mnywaji wa mjini anataka chupa ya Januari ifanane na ya Juni. Kwa hiyo ndizi huivishwa katika vyumba badala ya mashimo, mashine hukamua, umutobe hupashwa moto ili vijidudu vya porini vife, hamira iliyochaguliwa hutiwa kwa kipimo, na uchachu huachwa uende kwa majuma badala ya siku. Kisha divai hutenganishwa na mashapo, huchujwa mpaka iwe angavu, hupashwa moto tena na kufungwa. Kila hatua inaweza kuua kile kilichokuwa kitamu. Ukiipasha moto kupita kiasi inakuwa na ladha ya ndizi iliyochemshwa. Ukiichuja mno inabaki kileo na sukari. Fundi wa divai ya ndizi hana vitabu vya karne kumi vya watawa wa Bourgogne wa kumwongoza. Ana ulimi wake, daftari lake na mapipa aliyoyamwaga.

Na ana wapinzani wasio waaminifu. Jirani zetu wa Kimironko wanazijua inzoga z'inkorano, pombe za kuchanganya, zinazopikwa usiku kwa sukari, hamira ya mkate na rangi, bila hata ndizi moja kuguswa, kisha zinauzwa kwa jina la urwagwa. Miaka michache iliyopita familia yetu iliandaa hafla ndogo ya kumpa mtoto jina. Haraka ilitushinda, tukanunua madumu mawili kwa mtu tuliyeelekezwa, karibu na kituo cha mabasi. Hakuna aliyeuliza ilikokamuliwa, na muuzaji hakunywa funda la kwanza mbele yetu wala sisi hatukumdai. Usiku ule wazee watatu walipelekwa hospitali. Walipona, tunamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo tunajua kwa mwili gharama ya pombe isiyo na mwenyewe.

Ndiyo maana hatuungani na wanaosema kwamba masharti ya Bodi ya Viwango ya Rwanda na mamlaka ya chakula na dawa ni mateso kwa wenye viwanda vidogo. Ni mzigo, naam. Kuipata alama ya S ya bodi hiyo kunadai maji yaliyopimwa, sakafu inayooshwa, kumbukumbu zilizoandikwa, na mkulima mwenye umuvure mmoja hawezi kuyabeba hayo peke yake. Basi abebwe na ushirika. Lakini alama ile, pamoja na jina la mtengenezaji, mahali na tarehe, ndiyo namna pekee ambayo mji umeipata ya kunywa funda la kwanza mbele ya mteja. Aliyeweka jina lake kwenye chupa amesema: utaanza na mimi. Urwibutso waliweka jina, na jina hilo likaweza kuulizwa maswali. Kwa zaidi ya miaka 40 limeulizwa.

Tuna madai pia, maana sifa zisizo na madai ni za msiba. La kwanza: tunataka chupa za divai ya ndizi, za Nyirangarama na za viwanda vingine vyote, zituambie ndizi ni ya aina gani na imetoka kilima gani. Dodoma wanaandika Makutupora. Kwa nini sisi tusiandike Intuntu, tusiandike Kirehe? Mkulima akiona aina ya ndizi yake kwenye karatasi ya chupa atakuwa na sababu ya kuitunza. Na sababu inahitajika, maana Intuntu inasongwa. Mnyauko wa bakteria, ambao wakulima wanauita kirabiranya, uliingia nchini miaka ya 2000 na kuwalazimisha watu kung'oa migomba iliyopandwa na babu zao. Mbegu mpya za FHIA, zilizozalishwa Honduras, zinatoa mikungu mikubwa na kamili. Hatuwalaumu wanaozipanda, mtoto wa shule halipiwi ada kwa kumbukumbu. Lakini mkungu mkubwa wa maji mengi hautoi divai ile ile, na mtu akishaukata mgomba wa Intuntu wa mwisho hakuna maabara itakayomrudishia ladha ya umuvure wa babu yake.

La pili linahusu meza. Katika hafla nyingi za Kigali, wageni wakishafika, chupa nyekundu zinazofunguliwa ni za Afrika Kusini na Ufaransa, na bia ni za Bralirwa, kampuni iliyoanza mwaka 1957 kwenye ufukwe wa ziwa Kivu. Divai ya ndizi inaachiwa wazee, au inatolewa kama mchezo wa utamaduni pamoja na ngoma za intore. Tunaomba iwekwe kwenye glasi ile ile, kwa joto linalofaa, na mhudumu aweze kusema imekamuliwaje. Ikionekana duni, isemwe ni duni na fundi arekebishe. Kinachotuumiza ni kutojaribiwa.

Kwa wasomaji wetu wasiokunywa kileo, na ni wengi, Waislamu wa Nyamirambo na Walokole wa huku kwetu, tunakumbusha kwamba kila tone la divai hii lilikuwa umutobe kwanza. Hakuna sherehe nzuri ya Kinyarwanda isiyowatengea umutobe watoto, akina mama wajawazito na wote walioamua. Kiwanda kinachojua kuhifadhi umutobe usichache kina kazi ngumu kuliko kinachouacha uchache, na tungependa kuona juhudi hiyo ikipewa nafasi sawa. Na kwa wanaokunywa, divai ya ndizi ya kiwandani ina nguvu kuliko ulaini wake unavyodai. Babu alikuwa na kikombe kimoja, akakigeuza chini kikiisha, na hakuna aliyemlazimisha kukigeuza juu.

Siku moja tulialikwa kwenye gusaba hapa hapa Kimironko, uani, chini ya turubai jeupe, matingatinga ya mtaa wa jirani yakinguruma mbali. Msemaji wa upande wa binti alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, aliyeletwa kutoka Rulindo asubuhi ile. Ulipofika wakati wa kuwapokea wageni, vijana walimletea chupa ya Akarusho, kizibo bado kimefungwa, karatasi yake safi. Aliitazama mbele na nyuma, akaipapasa shingo kwa kiganja. Kijana mmoja akamwambia, "Muzehe, hiyo imefungwa kiwandani, wape tu wageni." Mzee hakujibu. Aliifungua, akamimina glasi moja, akanywa funda moja taratibu, akanyamaza kidogo akiwa amefumba macho. Kisha akafuta ukingo wa glasi kwa leso, akaijaza, akainuka kwa fimbo yake, akavuka uwanja mwenyewe kwenda kuwakabidhi wakwe.